Talaka ya Karatasi

Siku hakimu wa mji wetu wa Moca alipomtenganisha Radhamés Tejada na mkewe, jamaa walichinja mbuzi. Nereida mwenyewe, mwanamke aliyeachwa asubuhi ile, ndiye aliyempika yule mbuzi, akageuza ndizi kwenye mafuta, akawapitishia wageni bia. Radhamés, ambaye sasa kisheria hakuwa lolote kwake, alipita nyuma yake jikoni akamfinya kiuno, na watu wakacheka huku wakipiga meza. Mtaa wote ulijua mpango. Padre peke yake ndiye hakuambiwa.

Mpango ulikuwa hivi. Radhamés angemwoa Carmen Iris, Mpuertoriko wa Bronx, mwanamke aliyezaliwa na uraia wa Marekani na hakuwa na kitu kingine. Angekaa naye miaka miwili mitatu mpaka makaratasi ya ukaazi yatoke. Kisha angemwacha, amwoe Nereida upya, amchukue yeye na mtoto wao Yokasta, ambaye siku ya sherehe alikuwa na miaka minne na alilishwa maini ya mbuzi mpaka akatapika. “Ni talaka ya karatasi tu,” alisema mama yake Radhamés. “Ya karatasi tu,” alisema hakimu, ambaye wiki ile alikuwa ameshatoa nyingine za namna hiyo.

Watu wangu nawajua. Hawadharau kitu kama wanavyoidharau karatasi, na hawalilii kitu kama wanavyoililia karatasi. Asubuhi wanaapa uongo mbele ya hakimu, jioni wanashangaa nyumba imevunjika.

Nereida hakungoja miaka mitatu. Alipata viza ya matembezi kwa kujiunga na kwaya iliyoalikwa kuimba New York, yeye ambaye hajawahi kuimba hata anapofua. Yokasta naye aliandikishwa kuwa mwimbaji. Kwaya ile iliondoka Santo Domingo imejaza safu nzima za viti vya ndege, ikarudi na mpiga kinanda na dada wawili wazee tu. Wengine tuko nao hapa Heights, mtaa wetu wa New York, mpaka leo.

Alipanga nyumba chini ya kwangu, ghorofa ya tatu, vyumba viwili na jiko, sofa iliyofunikwa nailoni ili isichafuke kabla mwenye nyumba hajahamia. Mwenye nyumba ni Radhamés. Siku za kazi alilala Bronx kwa Carmen Iris kwa sababu, alisema, maofisa wa uhamiaji huingia alfajiri kuhesabu miswaki. Jumapili alikuja kwa Nereida, akala, akalala, akaondoka. Nereida alipata mimba ya mwanamume ambaye mbele ya sheria alikuwa mume wa mtu, na alikuwa akiona kwamba anaidanganya serikali. Serikali haikuwa na habari naye.

Anyelina alipozaliwa, muuguzi alimuuliza Nereida jina la baba. Radhamés alikuwa amemkataza mapema. “Usiliandike. Ukiliandika tumekwisha. Nina mke wa kisheria, halafu nina mtoto nje? Watajua mara moja.” Basi pale mahali pa baba paliachwa wazi. Kwa hiyo nyumba moja ikawa na Yokasta Tejada, mwenye jina la baba na asiye na makaratasi, na Anyelina Polanco, raia wa Marekani kwa kuzaliwa, asiye na baba. Akili nyingi zilitumika kufikia hapo.

Baada ya hapo Carmen Iris akazaa mvulana. Kisha akazaa mwingine. Jumapili zikawa moja kwa mwezi, halafu Krismasi, halafu simu.

Simu ile ndiyo niliyoichukia kuliko yote. Kwetu mtoto hamwamkii mzazi wake, humwomba baraka. Anapoamka, anapotoka, anaporudi, anapopokea simu: “Baraka, mama.” Na mzazi, hata akiwa na hasira, hata akiwa na mdomo uliojaa chakula, hujibu: “Mungu akubariki, mwanangu.” Sijapata kuona mzazi anayeacha kujibu. Wezi hujibu. Walevi hujibu wakiwa wamelala chini. Radhamés aliligundua hili akaligeuza kuwa kazi yake yote ya ubaba. Kila Jumapili alasiri alipiga simu, Nereida akawapanga wasichana mbele yake, mmoja baada ya mwingine. “Baraka, baba.” “Mungu akubariki.” Kisha akakata, akiwa amelea.

Malezi yaliyobaki waliyapata kwa mama na kwa wao wenyewe. Nereida alishona mikanda katika karakana ya chini ya ardhi mpaka karakana ilipohamishwa, kisha akafanya usafi wa ofisi mjini. Yokasta alipika wali tangu hajafikia vizuri jiko, na aliweza kutoa ukoko mzima bila kuuvunja, akampa mama nusu na Anyelina nusu. Alimsuka mdogo wake. Alikuwa mkalimani wa nyumba: kliniki, shuleni, kwa msimamizi wa jengo mabomba ya joto yalipopoa theluji ikianguka. Niliwahi kumsikia, akiwa na miaka kumi na moja, akimwambia msimamizi kwa Kiingereza cha heshima kwamba mama yake anasema yeye ni bwana mwema, wakati Nereida nyuma yake alikuwa akimwita yule mtu mwizi na mtoto wa mwizi.

Mtu akiuliza baba yao yuko wapi, Nereida alijibu: “Yuko kwenye mambo ya makaratasi.” Na Radhamés alikuwa wapi? Jumamosi alikuwa chini ya dirisha lao. Sisemi kwa mfano. Alikuja kutoka Bronx, amepigwa pasi kuanzia shati hadi suruali, ananukia marashi, anakaa nje ya duka la Confesor kucheza dhumna, na sauti ya kete zake mezani ilisikika ghorofa ya tatu. Hakupanda ngazi. Wanaume walimsogezea kiti. “Mpisheni mwenye nyumba mbili!” alipiga kelele Confesor, na Radhamés alicheka kama mtu aliyesifiwa, kwa sababu hasa alikuwa amesifiwa.

Yokasta alipofika mwaka wa mwisho wa sekondari, walimu wake walimtafutia nafasi chuo cha uuguzi. Akili ya kusoma alikuwa nayo, ila chuo hakimpokei asiye na makaratasi, kwa kuwa hawezi kupewa leseni. Wakati huohuo habari zikaenea pale dukani kwamba Radhamés amekula kiapo cha uraia. Raia anaweza kumwombea makaratasi mwanawe, mradi hajafikisha miaka ishirini na mmoja. Nereida alivaa viatu vyake vya kanisani, akashuka mpaka meza ya dhumna, akasimama pembeni mpaka mchezo uishe kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Radhamés alisema atafikiria. Kisha akasema atakuja Jumapili.

Nereida alipika mchuzi mzito wa mihogo, magimbi na nyama za aina tatu. Alikuja kwangu kuazima bakuli kubwa, akaniomba nibaki, nadhani kwa sababu aliogopa kulia. Kwa hiyo haya niliyaona.

Radhamés aliketi katikati ya sofa. Nailoni ililia chini yake. Yokasta akaja.

“Baraka, baba.”

“Mungu akubariki, mwanangu. Umekuwa mkubwa, tazama. Wavulana hawajaanza kukusumbua?”

Anyelina akatoka chumbani. Alikuwa na miaka kumi, nywele zimesukwa upya, zimevutwa mpaka macho yamerefuka.

“Baraka, baba.”

Radhamés alikoroga mchuzi.

“Baraka, baba,” alisema tena mtoto, kwa sauti zaidi, akidhani hakusikika.

“Radhamés,” alisema Nereida, “mtoto anakuomba baraka.”

“Nimesikia. Na hilo ndilo la kwanza tuzungumze.” Aliweka kijiko chini. “Azoee kutoniomba. Siku moja ataniomba mbele ya mtu asiyefaa.”

“Mtu gani asiyefaa?”

“Wewe hawa huwajui. Mimi nimekaa mbele yao. Wanauliza kila kitu. Mama wa huyu msichana anakaa wapi, ana watoto wangapi, wa nani, wamezaliwa lini. Huyu kazaliwa mwaka wa pili wa ndoa yangu, Nereida! Wakijua ni wangu watasema nilioa kwa biashara. Watanivua uraia, na mimi nikapalilie mihogo Moca, kwa umri huu.”

“Kwani hukuoa kwa biashara?” aliuliza Yokasta.

“Nyamaza, wakubwa wanaongea,” alisema mama yake.

“Mwache, ana ulimi wa bibi yake,” alisema Radhamés kwa ukarimu. “Sikilizeni. Mimi nitamwombea Yokasta. Nimesema, nimesema. Ila mkiulizwa, huyu mdogo ni wa mtu mwingine. Dereva wa teksi, tuseme. Alipigwa risasi. Madereva wanapigwa risasi kila siku, hakuna atakayemtafuta.”

“Yaani niseme nilikuwa nalala na dereva?” aliuliza Nereida.

“Useme ulikuwa nalo jambo lako! Wewe ulikuwa huru, uliachwa, kuna talaka. Nani atakulaumu?”

“Mama yangu yu hai, Radhamés.”

“Mama yako hatakuwepo ofisini. Ni kusema tu, mwanamke. Ni karatasi tu.”

Anyelina alikuwa bado amesimama palepale, mikono imening'inia. “Huyo dereva alikuwa anaitwa nani?” aliuliza.

“Ona, mtoto ana akili,” alisema Radhamés, akarudi kwenye nyama.

Jambo lililokuwa mezani basi lilikuwa jepesi kulieleza. Yokasta angepata makaratasi, na kwa makaratasi leseni, na kwa leseni mshahara ambao ungewatoa wote watatu katika vyumba vile. Bei yake ni kwamba Anyelina atangazwe mwana wa maiti asiye na jina, na mama yake atangazwe hawara wa maiti huyo.

Mtaa ulipopata habari haukuona tatizo. Nilikuwa saluni kwa Bi Fefita Jumamosi iliyofuata, sote tumekaa chini ya makofia ya kukaushia nywele, tukipigiana kelele kama viziwi.

“Shoga, mimi ningesema ni wa Papa!” alisema Fefita, akimvuta Nereida nywele kwa brashi. “Papa mwenyewe! Ilimradi mtoto apate makaratasi.”

“Ataniona kahaba,” alisema Nereida.

“Nani? Mzungu wa ofisini? Yule anatuona sote makahaba, usijipendelee.”

Wanawake wakacheka. Nereida naye akacheka, na kucheka kwake ndiko kulikonionyesha kwamba ameshakubali.

“Na Yokasta aache kujifanya mtakatifu,” alisema mwingine. “Baba ni baba. Amejitokeza kusaidia, mshukuruni.”

Nilisema kwamba mtu anayemkana mwanawe ili amsaidie mwanawe mwingine hajajitokeza popote. Nikaambiwa nimesoma sana. Huko ndiko hoja zetu zote huishia.

Kwa wiki kadhaa Nereida aliwafundisha uongo jikoni, akiosha vyombo. Sakafu ya kwangu ni nyembamba. Niliyasikia kama redio.

“Mdogo wako ana baba?”

“Amekufa,” Yokasta alijibu.

“Alikuwa anafanya kazi gani?”

“Dereva.”

“Sema kwa huzuni kidogo! Unasema kama unasoma bei ya vitunguu.”

“Sikumjua, mama. Nihuzunike kwa nini?”

“Hakuna aliyemjua! Huzunika hivyohivyo!”

Ili uongo usije ukashangaza mtu, Nereida aliupanda pia nje. Alimwambia mmoja sokoni, mwingine kanisani, kwa kunong'ona, kwamba kulikuwa na dereva. Watu ambao walikuwa wamemwona Radhamés kwa macho yao akipanda ngazi kila Jumapili mwaka aliozaliwa Anyelina waliinamisha vichwa wakasema, maskini, dereva. Sijui kama kuna mtaa mwingine duniani unaoweza kusahau kwa haraka namna hiyo kwa hiari yake.

Kisha ikaja Jumapili ya simu. Yokasta aliomba baraka, akapewa. Alipotaka kukata, Anyelina alinyoosha mkono. Nereida alikunja uso, lakini mtoto alishachukua simu.

“Hujambo, Bwana Radhamés,” alisema. Kwa adabu kabisa, kama anavyomsalimu msimamizi wa jengo.

Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa amefanya mazoezi peke yake. Yokasta, aliyekuwa ameegemea karibu, alisikia baba yake akicheka na kusema: “Vizuri sana! Huyu ndiye mwenye akili kuliko nyote.” Na Anyelina akatabasamu, kwa kuwa hatimaye alikuwa amesifiwa na baba yake.

Yokasta aliniambia hayo siku ileile, kwenye ngazi. Hakulia. Aliniuliza tu kama chuo kinaweza kumshikia nafasi mtu asiyejua lini atapata makaratasi. Nikamwambia ukweli, kwamba hakiwezi. Akasema, “Basi,” akashuka kununua mafuta ya kupikia.

Ofisi ya Bwana Leocadio iko kwenye barabara kubwa, kati ya duka la viatu na duka la kuku. Humo unatuma mizigo kwenu, unanunua tiketi, unapigwa picha za pasipoti, unajaziwa makaratasi yoyote yanayojazwa. Leocadio huvaa tai na watu humwita wakili, naye haombi wasimwite. Siku ya miadi walikuja wanne, kwa kuwa Nereida hakuwa na pa kumwacha Anyelina: yeye, wasichana wawili, na Radhamés aliyekuja na kofia mpya. Nyuma yao kulikuwa na foleni ya watu wa mizigo, na katika foleni hiyo wanne au watano wa jengo letu. Radhamés alipata kiti. Wanawake walisimama.

“Nitakuuliza kama watakavyokuuliza wao,” Leocadio alimwambia Yokasta. “Jibu fupi, usipambe. Jina?”

“Yokasta Tejada Polanco.”

“Baba?”

“Radhamés Tejada.”

“Mama ameolewa?”

“Hajaolewa.”

“Una ndugu wa tumbo moja?”

“Mmoja. Anyelina, huyu hapa.”

“Baba wa Anyelina ni nani?”

“Ni huyo uliyempa kiti.”

Leocadio aliweka kalamu chini. Alivua miwani, akaipangusa kwa tai. “Binti,” alisema kwa upole, “kuna kelele humu, sikusikia. Nitauliza tena. Baba wa mdogo wako ni nani?”

“Radhamés Tejada,” alisema Yokasta, sasa kwa sauti ya kufika kwenye foleni. “Alizaliwa baada ya ile talaka ya kula mbuzi. Baba alikuwa anakuja kwetu kila Jumapili. Kama wataniuliza mimi, nitawajibu hivyo. Kwa hiyo usiandike kitu kingine.”

“Yokasta!” Nereida alimshika mkono, kucha zikaingia. “Mwombe msamaha. Mwombe sasa hivi.”

Radhamés alikuwa ameshasimama. “Unajua unachokitupa wewe mtoto?”

“Najua. Mimi ndiye ninayekihitaji.”

“Mimi nilikuja kukusaidia! Niliacha kazi zangu!”

“Kazi gani?” aliuliza mtu kwenye foleni, na mwingine akaguna kicheko.

“Usiniite baba tena,” alisema Radhamés.

“Sawa, Bwana Radhamés.”

Alitoka. Leocadio alimwita aliyefuata.

Nereida alipanda kilima kurudi nyumbani akiwa mbele, bila kugeuka, na alipofika mlangoni ndipo aliposema: “Nimesugua sakafu za watu miaka yote hii nikingoja siku hii moja. Umeniulia siku yangu.” Kisha akaacha kusema na binti yake. Yokasta alipoomba baraka asubuhi, Nereida alijibu, maana hata yeye hakuweza kuacha kujibu, lakini alijibu akiutazama ukuta. Nafasi ya chuo ilikwenda kwa mwingine. Yokasta alipata kazi ya kumtunza bibi mmoja wa Kizungu upande wa pili wa bustani kubwa ya jiji, analipwa mkononi, anamwosha, anamgeuza, anamlisha, anafanya yote afanyayo muuguzi isipokuwa kuitwa hivyo.

Mtaa ulikuwa na maneno tayari. Jeuri. Mjinga. Asiye na shukrani. Confesor alimwambia mbele ya wateja: “Mwenzako angesema uongo mmoja mdogo, sasa hivi angekuwa anaendesha gari.” Walikuwa wanamcheka mtu pekee kati yao ambaye alikuwa amesema jambo kama lilivyo, na walimcheka kwa dhati.

Kwaresima ilikuja. Nereida alipika maharage matamu kama kila mwaka, ya maziwa na viazi vitamu, ya kugawa nyumba kwa nyumba. Jumamosi moja alikuwa saluni, rola zote kichwani, Anyelina alipoingia na bakuli la Bi Fefita. Kulikuwa na mwanamke mgeni kidogo mtaani, amekaa karibu na mlango.

“Huyu ndiye wa yule dereva?” aliuliza, si kwa ubaya. “Maskini. Na kweli sura ya nyumba yao hana.”

“Ana sura ya teksi!” alisema Fefita, na saluni ikalipuka.

Anyelina alisimama na bakuli lake. Alicheka pia, kidogo, akiwatazama usoni mmoja mmoja kuona kama amecheka sawasawa.

Sikuwahi kumheshimu Nereida Polanco kwa siku hata moja kabla ya hiyo, na simung'unyi maneno. Alinyanyua ile kofia ya moto kichwani mwake. Alikuwa mwekundu masikio yote.

“Hakukuwa na dereva,” alisema.

“Shoga, tunatania.”

“Hakukuwa na dereva, Fefita, na wewe unajua, ulikuwa unamfungulia mlango wa chini Radhamés mwenyewe. Weka bakuli, Anyelina.”

Alitoka vilevile, rola kichwani, taulo mabegani, akimvuta mtoto, akavuka barabara mpaka kwenye meza ya dhumna. Sisi tulisimama mlangoni mwa saluni. Yokasta alikuwa anarudi kutoka kazini wakati huo. Alisimama kando ya barabara na mfuko wake mkononi, hakusogea.

“Radhamés,” alisema Nereida, “mwanao amekuja kukuomba baraka.”

“Nenda nyumbani, Nereida, una rola.”

“Mwombe, Anyelina.”

Mtoto alimtazama mama yake, kisha mezani. “Baraka, baba.”

Radhamés alizitazama kete zake. Wanaume watatu walizitazama za kwao. Barabara nzima ilisikia, na kwetu hakuna mtu asiyejua jibu la neno hilo. Ni la kwanza tunalofundishwa, kabla ya Baba Yetu. Alichagua kete, akaigonga mezani.

Kimya kile kilimshinda Confesor. “Mungu akubariki, mwanangu,” alinong'ona, bila kumtazama mtu, kama anayepiga chafya. Huo ndio uliokuwa ujasiri wote wa mtaa wetu siku ile. Kisha akasema: “Zamu ya nani?”

Nereida hakungoja zaidi. Alivuka tena, akampita kila mtu, akafika alipokuwa Yokasta, akamtua ule mfuko. Hakumwomba msamaha, hatuna desturi ya mzazi kumwomba mtoto msamaha, na desturi hiyo nayo tungeweza kuitupa bila hasara. Alimwambia tu: “Usimfunze tena mdogo wako jambo lolote kuhusu dereva,” kana kwamba aliyemfunza ni Yokasta.

“Sawa, mama,” alisema Yokasta.

Wakapanda ngazi wote watatu. Pale chini mchezo uliendelea, na Radhamés alishinda, na walimpa bia.